Kufuata Mchoro wa Bwana Timazi hadi Sutton Coldfield

Tangu nirudi sijafika dukani bila kusimamishwa. Mmoja anauliza kama ni kweli huko jua linatua saa tatu usiku. Mwingine anauliza kama niliona ng'ombe wao. Habari ya kanisa, ambayo ndiyo iliyonipeleka, hakuna anayeigusa. Kila mtu anangoja mwenzake aanze. Basi nimeandika mara moja, msome kwa zamu, nami niachwe ninunue sukari.

Kutoka nyumbani hadi Nairobi

Kwa wale ambao hawakuwa kwenye mkutano, mambo yalikuwa hivi. Kanisa letu la mawe, huku upande wa Nyeri, lilichorwa na Mskoti ambaye babu zetu walimwita Bwana Timazi, kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila timazi mfukoni, ile kamba yenye kipande cha shaba cha kupimia kama ukuta umesimama wima. Jina lake halisi mjukuu wake ameniomba nisiliandike. Mnara wa kanisa umeinama kuelekea bondeni, na sisi sote tumezaliwa tukaukuta hivyo. Mwaka huu akaja mhandisi, akatazama nyufa, akasema mnara huo hauna msingi wa maana, na kama mnara uko hivyo basi huenda kanisa zima liko hivyo. Vyote vishushwe, pajengwe ukumbi wa mabati. Angebadili nia iwapo angeonyeshwa mchoro wa msingi.

Nilisimama. Nilisema mnara umeinama tu, hauzami. Nilisema babu yangu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa Bwana Timazi, na ndiye aliyeujenga mnara ule kwa mikono yake, na kwamba hakuna mtu atakayeugusa mimi nikiwa hai. Mchoro nitauleta. Watu wakapiga makofi na mwenyekiti akanipa muda mpaka mwisho wa Agosti. Nilipoketi ndipo nilipokumbuka kwamba sikujua mchoro uko wapi.

Aliyeutafuta ni binti yangu Wambui, muuguzi huko Birmingham. Baada ya wiki mbili za kuandikia watu wasiomjua, akampata mjukuu wa Bwana Timazi, Bi Elspeth, mjane wa miaka themanini na kitu, anayekaa Sutton Coldfield, treni moja tu kutoka kwake Northfield. Akaahidi kutukaribisha chai. Habari za viza nitaziruka. Zilikuwa ndefu na hazikumfurahisha mtu.

Jirani yangu alinipa lifti katika pikapu yake hadi Nairobi. Hakuniambia kwamba ilikuwa imebeba kabichi za kupeleka Karatina. Nilizishusha kabichi nikiwa nimevaa suti, na mwenye soko akaniuliza kama siku hizi wachuuzi wote wanavaa hivyo.

Uwanja wa katikati

Ndege haiendi moja kwa moja. Inakushusha kwanza kwenye uwanja mmoja katikati ya jangwa, unakaguliwa tena, kisha unapanda nyingine. Hapo ndipo walipoiona timazi yangu.

Msiniulize kwa nini nilibeba timazi. Ninyi ni mafundi kama mimi, mnajua. Kijana mwenye glavu aliitoa mfukoni, akaipima uzito kwa kiganja, akaitazama ile ncha, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akamwita mkubwa wake. Niliwaeleza kwa Kiingereza changu kwamba ni ya kupimia kuta. Waliponitazama bila kuelewa niliona bora niwaonyeshe kwa vitendo, nikaining'iniza kando ya ukuta wa pale penye meza yao. Ukuta ulikuwa umepinda nusu kidole. Niliwaambia hivyo, na haikunisaidia.

Mwishowe waliitia kwenye bahasha ya muhuri isafiri chini pamoja na mizigo. Kufikia hapo ndege yangu ilikuwa imeondoka, na iliyofuata ilikuwa ya kungojwa kwa saa kumi na moja. Mkongomani mmoja aliyekuwa akirudi Birmingham alinigawia nusu ya kuku wake. Aliniambia, kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani, kwamba yeye alizuiliwa hapo mwaka jana kwa sababu ya pondu ya kukaushwa, yale majani yao ya muhogo, na kwamba shaba ni afadhali, shaba haiozi. Nilimshukuru. Tulilala kwenye viti tukipokezana kulinda mabegi.

Northfield

Wambui alinipokea akiwa na nguo za kazi, akanilisha ugali na sukuma, akanilaza. Asubuhi alienda hospitalini nami nikatoka kutazama nyumba. Northfield yote ni matofali mekundu, na nitasema ukweli, wale watu walijua kujenga. Niliukuta ukuta mmoja ambao viungo vyake vya chokaa vimekaa miaka mingi bila kumeguka, nikawa naupapasa taratibu. Mwenye nyumba akatoka. Aliuliza kama nimetoka kampuni ya bima. Nikasema hapana, nimetoka Nyeri. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza naweza kumtengenezea bomba la moshi kwa kiasi gani.

Jioni nilimweleza Wambui mpango wangu wa kwenda kwa Bi Elspeth. Ninyi mnajua jinsi jambo kubwa linavyoombwa. Huendi peke yako, huendi mikono mitupu, na siku ya kwanza hulitaji kamwe. Siku ya kwanza unajulikana tu. Wambui aliweka kijiko chini.

"Baba, hapa mtu akikuambia come for tea at three, anamaanisha wewe, chai, saa tisa. Sio delegation. Hata hatuja-mention watu wengine."

Nilimwambia kwamba kama ningekwenda kuomba karatasi ya kuokoa kanisa kama mtu anayekwenda kuazima jembe, hata huyo mama mwenyewe angenidharau. Wambui alisema huyo mama asingenidharau, angefurahi sana. Tukaachia hapo, yaani mimi nikashinda.

Balsall Heath, na Sutton Coldfield mara ya kwanza

Ujumbe ulikuwa wa watu wanne: mimi, Wambui, na Mzanzibari mmoja mwenye duka na gari kubwa kule Balsall Heath, Bwana Salum, pamoja na mkewe Bi Zuhura. Wambui aliwahi kumuuguza mama yake Salum. Nilipomweleza shida yangu hakuniuliza hata swali moja.

"Mzee wangu, kuomba na kuposa ni mamoja. Mtu haendi pekee."

Nikaona nimempata mtu. Alitutolea dukani mfuko wa unga wa kilo kumi, sukari, majani ya chai na blanketi, vyote akavifunga utepe. Kabla ya kuondoka alitupeleka kula kwenye hoteli ya jirani, ambako mchuzi unaletwa ukiwa bado unachemka ndani ya karai ulilopikiwa, na mkate wenyewe unafunika meza. Nilimaliza makarai mawili. Njiani niliwakumbusha wote kwamba neno mchoro lisitamkwe.

Bi Elspeth alifungua mlango saa tisa kamili. Ni mama mwembamba, mrefu, mwenye sweta la kijani. Alikuwa ameandaa vikombe vitatu. Alitutazama wanne, akatazama mfuko wa unga begani kwa Salum, akasema karibuni. Tuliketi. Bi Zuhura aliomba dua na mimi nikaomba sala. Tuliuliza afya yake, afya ya watoto wake, mume wake alifariki lini na aliugua nini, na ua lake la mbele linakatwa na nani. Alijibu yote kwa utulivu. Mikate aliyotuandalia ilikuwa imekatwa kingo zote na ndani yake mlikuwa na tango. Salum alikula minne na kusema ni myepesi. Baada ya saa mbili nilisimama, nikamshukuru, nikasema sasa tumejuana, tukaenda zetu.

Mlangoni alimshika Wambui mkono. Alisema kwa upole kwamba anashukuru sana kwa chakula na blanketi, lakini yeye hajafikia hali hiyo, na kwamba barabara ya pili kuna mzee mmoja ambaye pengine ana shida zaidi.

Kwenye gari Salum alinisifu, akasema mambo yamekwenda kwa adabu mwanzo hadi mwisho. Wambui alitazama nje mpaka Balsall Heath.

Siku ya pili Bi Elspeth alimpigia Wambui simu. Aliuliza kama baba yake hajambo. Kisha akasema kwamba mchoro ulikuwa ndani ya bomba la bati chini ya kochi nililokalia, kwamba alikuwa amesubiri saa mbili niuulize, na kwamba usiku uliotangulia hakulala, kwa sababu alidhani tunakuja kumlaumu. Blanketi lilimchanganya kabisa.

Sikuelewa tungemlaumu kwa lipi. Wambui alisema niende nikamuulize mwenyewe, peke yangu, na nisibebe kitu.

Treni

Treni kutoka Northfield inakwenda moja kwa moja mpaka Sutton Coldfield. Wambui aliniandikia hivyo kwenye karatasi na kupigia mstari. Lakini ilipofika kituo kikubwa cha katikati ya mji, behewa zima lilishuka, wanaume, wanawake na watoto, na mimi si mtu wa kubaki ndani ya chombo kilichokimbiwa na wenyewe. Nikashuka pia. Treni ikaondoka na watu wapya.

Nilikaa pale chini zaidi ya saa nzima, kwenye jukwaa lisilo na dirisha, nikitafuta mtu wa kuniambia ukweli. Mama mmoja wa Kikenya aliyenisikia nikijisemesha alinionyesha treni nyingine na kunikalisha kwenye kiti kwa kunishika bega. Akaniambia nihesabu vituo na nisishuke hata nikimwona askofu akishuka. Nilihesabu. Nilifika saa kumi na robo kwa miadi ya saa tisa.

Mezani kwa Bi Elspeth

Hakunikaripia. Kulikuwa na kikombe kimoja changu na kimoja chake. Nilimwomba radhi kwa kuchelewa na kwa ujumbe, nikamweleza safari hii jambo lote bila kuzunguka: mnara, mhandisi, mwisho wa Agosti. Alisikiliza, kisha naye akanieleza lake.

Babu yake alizaliwa Aberdeen, mtoto wa mchonga mawe. Alikwenda Kenya kwa meli kabla ya vita vya kwanza, akiwa kijana asiye na mtu wa kumpokea, akaanza kwa kuchora maghala ya reli. Kutoka maghala akapanda hadi posta, kutoka posta hadi nyumba za matajiri na benki moja Nairobi. Alikuwa mtu wa kazi safi, na kazi haikumpungukia. Kisha akachora kanisa dogo huko milimani. Miaka michache baadaye mnara wa kanisa ukaanza kuinama, habari zikafika Nairobi, wazungu wenzake wakaucheka klabuni kwao, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa hata choo cha kuchora. Alirudi Uingereza. Nyumbani Aberdeen hakwenda kwa aibu, akaja Birmingham asikojulikana. Mpaka anastaafu alikuwa kwenye ofisi ya manispaa akichora mabanda ya baiskeli na vyoo vya shule.

"Alikuwa mgeni kule na mgeni hapa," alisema. "Mama yangu alituonya tusimtajie kamwe neno mnara."

Miaka yote hiyo mnara ule kwetu ulikuwa fahari ya ukoo. Babu yangu alipokuwa akisimulia, na baba yangu baada yake, walisema aliujenga kwa kiangazi kimoja Bwana Timazi akiwa mbali Nairobi kwenye kazi ya benki. Tulikuwa tukiitaja sehemu hiyo kama ushahidi wa jinsi alivyoaminiwa.

Bi Elspeth aliinama akavuta bomba la bati chini ya kochi. Mchoro ulikuwa wa kitambaa chembamba cha nta, umekunjika lakini mzima, wa kanisa letu kabisa, dirisha kwa dirisha. Pembeni kulikuwa na maandishi ya penseli, herufi kubwa. Alisema tangu autwae kwa mama yake hakuna mtu aliyeweza kuyasoma, wala hakujua ni lugha gani.

Kilikuwa Kiswahili. Ule haukuwa mchoro wa ofisini, ulikuwa nakala ya mafundi, ile inayokaa kwenye tope na kushikwa na mikono yenye saruji, na Bwana Timazi alikuwa akiwaandikia waashi wake maagizo humo kwa Kiswahili cha wazungu wa zamani. Niliyasoma kimya mara mbili.

KANISA CHIMBA MPAKA MWAMBA. MNARA HAPANA JENGA. HAPA UDONGO MWEUSI, MAJI MINGI. MNARA TAANGUKA.

Na chini yake: GITHAIGA WA MWANGI NASIKIA MANENO HII. Kando ya hayo kulikuwa na alama ya dole gumba, ya wino.

"Inasema nini?" aliuliza Bi Elspeth.

Sitawaficha. Nilitamani kudanganya. Nilisimama nikaenda dirishani kutazama ukuta wa gereji ya jirani, ambao haukuwa na lolote la kutazamwa. Mtu pekee katika nyumba ile, na pengine katika Sutton Coldfield yote, aliyeweza kuyasoma maneno yale alikuwa mimi. Ningeweza kusema ni vipimo vya mchanga. Ningerudi nyumbani na kipande cha kanisa peke yake, nikiwa nimekikata kile cha mnara, na babu yangu angebaki alivyokuwa. Na nitawaambia jambo jingine ambalo sikuwaambia mkutanoni. Zile tepe za plasta nilizoziweka juu ya nyufa mwaka juzi, ili tuone kama mnara unaendelea kusogea, zilipasuka ndani ya miezi miwili. Nilipaka nyingine juu yake nikanyamaza.

Bi Elspeth hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameweka kidole chini ya ule mstari wa mwisho, na barua aliyoandikiwa na Wambui, yenye jina langu, ilikuwa kando yake.

"Hili si jina lako?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Babu yangu alikuwa Githaiga wa Mwangi, baba yangu Mwangi wa Githaiga, nami ni Githaiga wa Mwangi tena. Baada ya kueleza hayo hakukuwa na pa kukimbilia. Nilirudi kiti changu nikamsomea neno kwa neno, kwa Kiingereza, hadi kwenye dole.

Aliondoa kidole chake kwenye mchoro.

"Mama yangu alikufa akiamini kosa lilikuwa la baba yake," alisema.

Nilimwambia kosa lilikuwa letu, nikaomba msamaha kwa niaba ya mtu aliyekufa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ile nilipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi mbele ya wakwe. Aliniuliza kwa nini basi babu yake hakuwaonyesha watu karatasi hii, naye alikuwa nayo siku zote. Sijui. Huenda alimwogopea babu yangu, maana zama zile fundi Mwafrika angefungwa kwa jambo kama hilo. Huenda aliona haya kwamba fundi wake hakumtii. Nilimwambia ninaweza kukisia, lakini mwashi hajengi juu ya kukisia. Alitikisa kichwa akamimina chai, na tukainywa ikiwa imepoa.

Alinipa mchoro wenyewe, si fotokopi. Nilikataa, akasema yeye amesomewa alichotaka kusomewa. Hadi leo blanketi anajifunika, ameniandikia. Unga alimpelekea yule mzee wa barabara ya pili.

Nyumbani

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Nililibeba bomba la bati magotini njia nzima na hakuna aliyeliulizia.

Kamati ilikutana Jumamosi, na mhandisi alikuwapo. Nilitandaza mchoro mezani. Mhandisi alisoma mwenyewe, akasema kanisa limesimama juu ya mwamba na litasimama kuliko sisi sote, na mnara ushushwe kabla ya mvua za Oktoba, kabla haujaliangukia. Ni haki. Ndivyo Bwana Timazi alivyosema. Watu walianza kunitazama, wakingoja nitetee.

Nilisimama nikawaeleza dole ni la nani. Niliwaeleza na habari ya plasta. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema na tumesoma pamoja, alisema hakuna haja ya kuandika majina kwenye kumbukumbu za mkutano, iandikwe tu kwamba mnara ulijengwa kinyume cha ushauri. Nilikataa. Nilisema kuna mtu aliyechora vyoo vya shule miaka ishirini kwa sababu jina halikuandikwa.

Katibu akaandika: mnara ulijengwa na Githaiga wa Mwangi, aliyekuwa ameonywa. Kisha akainua kalamu, akanitazama, akaniuliza kama aeleze kwamba ni yule babu, ili atakayesoma baadaye asidhani ni mimi. Nilifikiri kidogo. Nikamwambia aache hivyo hivyo, na Jumatatu asubuhi nikapanda kuanza kushusha mawe.